Sista kanitoa mikono kichwa kikitoka, je sifai kwenye ukunga?

Msomaji kaniandikia, nafupisha. Ni mwanafunzi wa ukunga, yuko wiki za mwanzo leba kwenye kliniki ambayo vitanda havipoi, mikono inamtetemeka kila kichwa kikianza kutokeza, juzi sista anayemsimamia alimsogeza pembeni akamalizia kuzalisha mwenyewe mbele ya mama na wanafunzi wenzake, na wenzake hao tayari wana idadi kubwa kuliko yeye kwenye vitabu vyao vya kusainiwa. Anauliza kama anafaa kazi hii, kutetemeka kutaisha lini, afanye nini siku mtoto akitoka halii, na je amwambie mama kwamba yeye ni mwanafunzi au anyamaze.

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nilichokiona ni kwamba wote unazungumzia dakika mbili tu. Kichwa kinatokeza, mikono inatetemeka, sista anaingia, basi. Hujaniambia yule mama alifika saa ngapi, uzao wake wa ngapi, mapigo ya mtoto yalikuwaje, kondo lilitoka zima au vipande, damu ilikuwa kiasi gani. Sikulaumu manake karibu kila mwanafunzi anaanza hivyohivyo, macho yote yako kwenye kichwa, lakini mimi naona shida yako iko hapo na wala sio kwenye mikono. Kichwa cha mtoto mara nyingi sana kinatoka hata kama mkunga hayupo, wanawake wanajifungulia kwenye magari na koridoni kila siku na wengi wanakuwa salama. Mkunga anahitajika zaidi yale masaa ya kabla na yale masaa mawili ya baada, na huko ndo wanafunzi huwa hawapo, wamekimbilia kitanda kingine kuwinda kichwa kingine.

Tuanze na kutetemeka kwanza kwa sababu najua ndo kinakukosesha usingizi. Kunaisha pale mikono inapokuwa na kazi inayofuata. Ukiangalia vizuri utagundua unatetemeka pale unaposubiri hujui kitakachofuata, ukishajua kwamba baada ya hiki nafanya hiki mikono inatulia yenyewe bila kuiambia. Kwa hiyo trei yako iandae mapema, usisubiri mama aanze kusukuma ndo unatafuta mkasi. Vibanio viwili vya kitovu, mkasi, vitambaa viwili vikavu (kimoja cha kumkaushia mtoto kingine cha kumfunika, sio kimoja kwa kazi zote mbili, kile cha kwanza kikishalowa kinampoza mtoto), shashi, pedi, sindano ya oksitosini (dawa ya kukaza kizazi) yuniti 10 imeandaliwa na imeandikwa jina, na begi la kumpumulishia mtoto lenye maski ya saizi yake umelijaribu kwa kuliminya huku maski umeiziba na kiganja. Hilo la begi nalirudia kwa sababu kliniki zenye watu wengi utakuta begi lipo limening'inizwa ukutani safi kabisa na lina tundu, na hakuna anayejua mpaka siku linahitajika. Vipange kwa mpangilio utakaovitumia, halafu vitaje kwa sauti ndogo. Najua inaonekana kama uchizi lakini hata wakongwe wanafanya, sema wao wanafanyia kichwani.

Halafu mikono, na hapo usisahau hata siku moja hata kuwe na foleni ya namna gani. Vienna miaka ya 1840 kulikuwa na wodi mbili za wazazi kwenye hospitali moja, moja ya wanafunzi wa udaktari na moja ya wanafunzi wa ukunga kama wewe, na kina mama walikuwa wanakufa na homa ya uzazi zaidi sana kwenye ile ya madaktari, mpaka wengine walikuwa wanaomba kwa machozi wasipelekwe huko. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, akagundua kwamba wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kumpima mzazi, wale wa ukunga hawakuwa wanapasua maiti. 1847 akaamuru watu wanawe kwa maji ya klorini na vifo vikashuka vibaya mno. Nakukumbusha kwa sababu kuvaa glavu mpya bila kunawa katikati ya mama mmoja na mwingine ndo njia ya mkato inayopendwa zaidi kwenye kliniki yenye watu wengi, na wewe kama mwanafunzi utaona waliokutangulia wanafanya na utadhani ni kawaida.

Sasa masaa ya kabla. Mama akipokelewa, kama unaweza, shika mama mmoja tangu anaingia mpaka anahamishwa wodi ya waliojifungua, kuliko kudaka vichwa vitano vya kina mama usiowajua hata majina. Najua utaniambia idadi, idadi, mwalimu anataka idadi. Kila nchi ina kiwango chake, nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano sheria yao inataka mwanafunzi azalishe yeye mwenyewe angalau 40, na kama kina mama hawatoshi inaweza kushuka mpaka 30 ila asaidie na kuzalisha kwingine 20, kwa hiyo sikuambii idadi haina maana, ina maana. Lakini hiyo ni sakafu. Niliowaona wanatoka wakunga wazuri sio waliojaza kitabu haraka, ni wale ukimuuliza mama wa kitanda cha tatu anaendeleaje anakujibu bila kufungua faili. Wenzako kukuzidi kwenye kitabu sa hivi kusikunyime raha, mwisho wa praktiko mtalingana tu, kina mama hawaishi.

Ukiwa naye, kazi yako kubwa ni kusikiliza. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa akiwa kwenye uchungu wa kweli, na akianza kusukuma kila dakika 5, unasikiliza dakika nzima, na unaanza uchungu ukiwa bado haujaisha uendelee angalau nusu dakika baada ya kuisha, kwa sababu mtoto anayechoka anajisema hapo, mapigo yanashuka na yanachelewa kurudi. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Na mkono wako mwingine uwe kwenye mshipa wa mama, hii wengi hawafundishwi mapema, unaweza ukasikiliza ukahesabu ukaridhika kabisa kumbe unahesabu moyo wa mama uliokimbia kwa maumivu. Zikilingana sana, hamisha kifaa usikilize upya.

Kupima njia kila masaa manne inatosha kama hakuna sababu nyingine, na hapo nitasema kitu kitakachokuudhi labda. Kwenye kliniki ya kufundishia mama mmoja anaweza akapimwa na mwanafunzi, halafu mwanafunzi mwingine, halafu sista anahakikisha, halafu daktari anapita naye anapima. Kila kidole kinachoingia kinapeleka vijidudu juu hasa kama chupa imeshapasuka, na yule ni mtu anaumia. Kama hupati jibu kwa vidole vyako, pima pamoja na msimamizi wako kwa wakati uleule, wewe kisha yeye hapohapo, mwambie umepata ngapi kabla yeye hajasema, halafu mlinganishe. Mwanzoni utakuwa unakosea kwa sentimita moja au mbili na hakuna anayekushangaa. Usichoruhusiwa ni kutunga namba.

Na nikitaja kutunga namba lazima niseme kuhusu patografu, ile karatasi ya kuchorea mwenendo wa uchungu. Umeshaona bila shaka, mama ameshajifungua, ameshakunywa chai, ndo mtu anakaa mezani anajaza patografu yote kwa mkupuo mmoja na kalamu moja, mistari imenyooka kama imechorwa na rula. Uongo ule unamrudia mama wa kesho. Yale mawazo ya kuweka mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua masaa manne mbele yake yalitoka Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, watafiti Philpott na Castle wakayachapisha 1972, na lengo lilikuwa kumsaidia mkunga aliye peke yake kwenye kituo kidogo ajue mapema ni mama yupi anahitaji kupelekwa hospitali. Yaani karatasi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. WHO wametoa mwongozo mpya 2020 ambao unahesabu uchungu wa kweli kuanzia sentimita 5 na wameacha ile habari ya kulazimisha kila mama afunguke sentimita moja kila saa, kwa hiyo angalia kituo chako kinatumia ipi ujaze hiyo, ila ujaze muda ambao kitu kimetokea. Kama ulishindwa kupima saa nane kwa sababu ulikuwa peke yako na kina mama wanne, acha wazi, andika sababu. Nafasi wazi ina ukweli kuliko nukta ya kubuni.

Kingine cha masaa ya kabla: mama akikuambia mtoto anakuja, mwamini. Hata kama alipimwa dakika ishirini zilizopita akawa na sita. Mwenye uzao wa tatu au wa nne anaweza kutoka sita mpaka mtoto mkononi wakati wewe unaandika faili. Sauti yake itabadilika, itakuwa ya kukoroma ya chini, atasema anataka kwenda haja kubwa, na hapo usimwonyeshe choo kilipo, vaa glavu uangalie. Watoto wanaozaliwa chooni na koridoni kwenye vituo mara nyingi wametanguliwa na mama aliyesema na mtu aliyemjibu bado wewe subiri.

Sasa ile dakika yenyewe, nitaipitia haraka kwa sababu utaifanya mara nyingi mpaka uichoke. Usimwambie asukume kama bado hana hamu ya kusukuma, hata kama njia imefunguka yote, mwache mtoto ashuke. Kama anataka kukaa upande, au kuchuchumaa, au kupiga magoti, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia, mwache, kulala chali kunatufaa sisi zaidi kuliko yeye. Kichwa kikianza kutokeza na hakirudi tena ndani, mwambie aache kusukuma ahemee mdomo wazi, mkono mmoja uwe mwepesi juu ya kichwa kisifyatuke, mwingine ushikilie msamba kwa shashi. Kazi ya mikono yako hapo ni kupunguza mwendo, sio kuvuta. Kichwa kikitoka pitisha kidole shingoni, kitovu kikiwa kimezunguka kilegeze ukipitishe juu ya kichwa, usishtuke, ni jambo la kawaida sana. Halafu, na hapa ndo naona sista alipokutoa mikono, SUBIRI. Kichwa kitageuka chenyewe kuangalia paja la mama, hapo mabega yanajipanga ndani. Mwanafunzi mwenye woga anashindwa kuvumilia hizo sekunde, anaona uso umebadilika rangi anaanza kuvuta. Uchungu unaofuata unaleta mabega, unaelekeza kichwa chini taratibu bega la juu litoke, kisha unainua, mtoto huyo.

Kama uchungu unaofuata umekuja na bega halitoki, kichwa kinarudi kunywea kwenye msamba, hapo umekutana na mabega kukwama, piga kelele uitiwe watu, laza kitanda, magoti ya mama yapandishwe kabisa mpaka kifuani, mmoja asukume juu kidogo ya mfupa wa kinena kwa kiganja. Mtu asimkandamize tumbo kwa juu. Hiyo ya kukandamiza tumbo kwa juu utaiona inafanywa hata bila mabega kukwama, watu wakiwa na haraka, usiiige, inaweza kupasua kizazi.

Mtoto ametoka, taja saa kwa sauti, mlaze juu ya tumbo la mama, mkaushe. Na wewe ulivyo sa hivi hapo ndo unashusha pumzi unafikiri umemaliza. Mimi nakuambia hapo ndo shifti yako imeanza.

Kwanza mtoto, kwa kuwa umeuliza. Asipolia, usiangalie kilio, angalia kupumua, kuna watoto wanapumua vizuri wametulia tu wanakutazama. Mkaushe kwa nguvu kiasi, toa kitambaa kilicholowa, msugue mgongo. Kama mdomoni kuna uchafu unaoziba safisha, kama hakuna usimwingize mpira wa kunyonya bure. Bado hapumui? Funga kitovu ukate, mpeleke mezani, kichwa kikae kawaida kisikunjwe wala kisipinduliwe sana nyuma, maski izibe mdomo na pua, anza kumpumulisha, kama mara 40 kwa dakika, na uangalie kifua. Yote hayo yawe yamefika ndani ya dakika moja tangu azaliwe, inaitwa dakika ya dhahabu na jina linastahili. Kifua kisipopanda usiongeze kasi, rekebisha: maski inavuja, kichwa hakijakaa sawa, au kuna uchafu. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi anahitaji kusaidiwa kidogo aanze kupumua, na wengi wao ni kukaushwa na kusuguliwa tu wanaanza, wanaofika kwenye begi ni wachache, lakini huwezi kujua ni nani, ndo maana nilikuambia ujaribu begi kabla.

Vitu vya kuacha: kumning'iniza kichwa chini, kumpiga makofi ya matako, kumwagia maji baridi. Na usisubiri kutoa alama za Apgar ndo uanze. Virginia Apgar, aliyezitunga na kuzichapisha 1953, alikuwa daktari wa nusu kaputi, alitaka watu wamtazame mtoto badala ya kumweka pembeni, alama zinatolewa dakika ya kwanza na ya tano kueleza hali yake ilivyokuwa, kuanza kusaidia hakuzisubiri. Zoezi la kupumulisha lifanye kwenye mwanasesere kila wiki hata kama mtihani wake umeshapita, mikono inasahau haraka sana, na usiku wa manane kichwa hakisaidii, kinachosaidia ni mikono.

Mtoto akipumua anabaki kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, amefunikwa na kofia, ananyonya ndani ya saa ya kwanza. Kuogeshwa kusubiri, masaa 24 kama inawezekana. Kitovu usikimbilie kukata kwa huyu anayepumua, dakika moja mpaka tatu, ile damu ni ya kwake.

Sasa mama. Shika tumbo hakikisha hakuna mtoto wa pili, nakuomba usiruke hii hata kama aliletewa karatasi ya ultrasaundi, kisha choma ile oksitosini yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja. Kondo usilipiganie. Kama umeshafundishwa kuvuta kitovu kwa kudhibiti, unavuta kizazi kikiwa kimejikaza, mkono mwingine umezuia kizazi juu ya mfupa wa kinena, na kama kondo haliji unaacha unasubiri kukaza kunakofuata. Kuvuta kitovu kizazi kikiwa kimelegea kunaweza kukatika kitovu mkononi au, mbaya zaidi, kugeuza kizazi ndani nje, na huyo mama anaweza kwenda mbele ya macho yako. Likitoka lilaze kwenye beseni ulikague kama unakagua nguo uliyorudishiwa na fundi: upande wa mama vipande vyote vimekutana au kuna shimo, ngozi zote zipo, kitovu kina mishipa mitatu. Limepita nusu saa halijatoka, hilo ni la kuripoti, sio la kukaa nalo.

Kisha damu. Hapa ningekuwa na uwezo ningekaa na wewe siku nzima. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndo kunaongoza kuua wazazi duniani, na kunaua haraka, na macho yetu ni mashahidi waongo kwenye hili, tunakadiria kidogo kuliko ilivyo karibu mara zote, damu iko chini ya makalio, iko kwenye pedi, iko kwenye ndoo, iko imeganda ndani. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, umefanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wazazi zaidi ya 200,000, kitu cha kwanza walichofanya ni kuweka chini ya mama plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo ili damu ipimwe isikadiriwe, halafu ikifika kiwango cha hatari wanafanya mambo yote kwa pamoja badala ya moja moja: kukanda kizazi, oksitosini, dawa ya traneksamiki (inasaidia damu kuganda isivuje), dripu, na kumkagua mama kutafuta chanzo huku mnaita msaada. Kuvuja kukubwa na madhara yake kulipungua kwa 60%. Hawakugundua dawa mpya yoyote, hizo zote zilikuwepo kabatini, kilichobadilika ni kuona mapema na kutosubiri. Kama kituo chako hakina mfuko huo, pima pedi na vitambaa kwenye mizani, gramu moja ihesabu kama mililita moja, toa uzito wa kitambaa kikavu. Mililita 500 ndo mpaka tuliozoea lakini mama aliyekuwa na damu pungufu tangu mwanzo hafiki huko, angalia mapigo yake, presha, uso, na akikuambia anasikia kizunguzungu au ana wasiwasi asioweza kuueleza, usimwambie ni uchovu. Traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, inafanya kazi ikitolewa ndani ya masaa matatu tangu kujifungua, baada ya hapo haina faida, kwa hiyo ile saa uliyoitaja kwa sauti mtoto anatoka sio mapambo.

Masaa mawili ya mwanzo unarudi kwake kila dakika 15. Mkono tumboni, kizazi kiwe kigumu cha mviringo, kikiwa laini kikande palepale. Mwambie akojoe, kibofu kilichojaa kinazuia kizazi kujikaza, na mara nyingine hicho tu ndo kilikuwa kinaleta damu. Kwenye kliniki yenye watu wengi hiki ndo kipande kinachotelekezwa, mama ameshajifungua, mtoto mzima, kila mtu kahamia kwa anayepiga kelele zaidi. Wewe mwanafunzi ambaye huna vitanda kumi vya kusimamia, hapo ndo una nafasi ambayo sista hana. Ukitaka kuonekana una maana leba, simamia hicho kipande, uone kama baada ya wiki mbili sista hajaanza kukutafuta kwa jina.

Turudi kwa sista basi. Kukutoa mikono hakumaanishi hufai. Yeye ndo anayesaini, mtoto akiumia ni jina lake, na kwa ulivyoeleza hakuwa na muda wa kukufafanulia. Hakukosea kukutoa, ila namna alivyofanya mbele ya mama ingeweza kuwa bora, hilo naliona pia. Cha kufanya ni kukubaliana KABLA. Mkiwa mnaandaa trei mwambie, sista leo naomba mikono yangu iwe chini na yako iwe juu ya yangu, na ukiona nakosea niambie neno moja tu, subiri, au acha. Wasimamizi wengi wanakubali, wengine wanafurahi kabisa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba. Na baada ya kazi mfuate, sio kwa malalamiko, muulize uliona nini ukaamua kuingia. Jibu lake litakuwa na faida kuliko ukurasa wa kitabu. Kama ni mtu wa kukudhalilisha kila siku na hakuna anachokufundisha, nenda kwa mwalimu wako wa praktiko uombe kubadilishiwa, hiyo nayo ni haki yako.

Kitu ambacho hukuuliza lakini nakisema. Utaona kina mama wanafokewa, wanapigwa makofi ya mapaja, wanaambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wanaofanya sio mashetani, ni watu wamechoka na wamefundishwa hivyohivyo na waliowatangulia. Utaambiwa ukiwabembeleza wanaua watoto. Sijawahi kuona mama aliyesukuma vizuri zaidi kwa sababu ya kofi. Anayefokewa anabana mapaja, anakuficha dalili, hakuambii kichwa kinauma wala macho yanaona giza, na hizo ni dalili za presha ya mimba kuelekea kifafa, ulihitaji azitaje. Jina lake, unachofanya kabla hujafanya, ruhusa kabla ya vidole, na kama anataka ndugu yake akae naye na chumba kinaruhusu, akae.

Ndo inanipeleka kwenye swali lako la mwisho. Ndiyo, mwambie wewe ni mwanafunzi, mwambie mapema akiwa bado anaweza kuongea katikati ya uchungu, usisubiri kichwa kimefika. Sema hivi tu: mama mimi naitwa fulani, ni mwanafunzi wa ukunga, niko na sista fulani na yeye hatatoka, naomba nikae na wewe mpaka ujifungue, ukiona hupendi niambie. Wengi watakubali, hasa wakisikia utakaa, manake kwenye kliniki kama hiyo yako unaweza ukawa ndo mtu pekee atakayekaa. Akikataa sema sawa mama, mletee maji ya kunywa, nenda kitanda kinachofuata, na kwenye kitabu chako usiandike chochote.